Taashira ya Upanga Uliovunjika katika The Lord of the Rings

Ni rahisi kuuchukulia upanga wa Aragorn, katika riwaya ya J.R.R. Tolkien The Lord of the Rings (1954–1955), kuwa taashira ya nguvu za kivita. Makala haya yanapinga usomaji huo.

Kwanza, historia ya upanga wenyewe ina utata. Ukiitwa Narsil, ulivunjika Elendil alipoanguka akipigana na Sauron. Mwanawe, Isildur, akatumia kipande kilichosalia mpinini kuikata pete kutoka mkononi mwa adui, kisha akakataa kuiangamiza. Hivyo, chombo kilicholeta ushindi ndicho kilichomfikishia mshindi kishawishi. Vipande walivyorithishana wazawa wake ni ushahidi wa nasaba, lakini pia ni deni.

Pili, wahunzi wa Rivendell wanapoufua upya, Aragorn anaupa jina jingine, Andúril. Jina hilo ladokeza kwamba mrithi harejeshi tu enzi ya kale, bali anajitwika wajibu uliomshinda Isildur.

Hata hivyo, upanga hautoshi. Baada ya mapigano ya Pelennor, Aragorn anaingia Minas Tirith kwa siri, bendera yake imekunjwa, akawatibu majeruhi. Kinachowafanya watu wa mji waanze kumtambua kuwa mfalme ni mikono yake iponyayo, wala si upanga. Kwa hiyo, Andúril wathibitisha dai la Aragorn la kutawala, ilhali uhalali wa utawala wake watokana na huruma kwa watawaliwa.