Jirani wa Njia, Ndugu wa Asili: Somo kutoka Asteroidi Polana

Utangulizi

Wakati wa likizo tulisali na jumuiya ndogo ndogo moja hapa Matongo. Dhahabu imeleta watu wa mikoa mingi katika vijiji vyetu, na jioni ile palizuka mabishano. Familia iliyohamia karibuni ilikuwa imefiwa: je, tuichangie kama wenzetu, au kama wageni? Mzee mmoja alisema ndugu ni yule mliyetoka naye mbali. Mama mmoja akamjibu kwamba ndugu ni anayekaa mlango wa pili. Tulirudi seminarini na swali hilo: undugu unajulikanaje?

Familia za mawe

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe mengi sana yanayolizunguka jua. Huitwa asteroidi. La kwanza, Ceres, liligunduliwa na padre, Giuseppe Piazzi, huko Palermo tarehe 1 Januari 1801. Mwaka 1918 mwanafalaki wa Japani, Kiyotsugu Hirayama, alionyesha kwamba baadhi ya mawe hayo yana njia zinazofanana kwa umbali kutoka jua, kwa mwinamo na kwa umbo. Aliyaita familia: vipande vya jiwe moja lililovunjika zamani. Lakini vipande hivyo havikai pamoja. Usiku wa leo kimoja chaweza kuwa upande huu wa jua na ndugu yake upande wa pili.

Polana na Nysa

Polana iligunduliwa na Johann Palisa mwaka 1875. Kwa muda mrefu ilihesabiwa pamoja na Nysa, kwa kuwa njia zao zinakaribiana sana. Mwanga wao ulipopimwa, ilionekana kwamba Nysa inang'aa na Polana ni nyeusi kama makaa. Wanapita njia moja, lakini hawakutoka tumbo moja.

Mchimbaji wa Matongo analielewa hili. Haridhiki kujua jiwe limetoka shimo gani. Hulivunja, hulisaga, huliosha, ndipo anasema lina nini. Aristotle naye aliweka "wapi" miongoni mwa kategoria kumi, lakini si kama kiini cha kitu. Mahali kitu kilipo hapatuambii bado kitu hicho ni nini.

Jiwe la Ivuna

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika nchi yetu. Kundi zima la vimondo adimu limepewa jina la Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta duniani gramu 5 hivi za mchanga na changarawe kutoka asteroidi Ryugu. Wataalamu wanadhani Ryugu ilitoka katika familia ya Polana au ya Eulalia iliyo jirani yake. Mchanga ule ulipochunguzwa, ulifanana sana na jiwe la Ivuna. Hatusemi kwamba Ivuna ni mtoto wa Polana. Kufanana si ushahidi wa kuzaliwa pamoja. Tunasema tu kwamba asili moja yaweza kujificha nyuma ya umbali mkubwa.

Hitimisho

Basi mzee alikuwa na haki kiasi, na mama vilevile. Mtume Paulo aliwafundisha Waathene kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja (Mdo 17:26): hiyo ndiyo asili, na mgeni anayo sawa na mwenyeji. Lakini mfano wa mawe una mpaka wake. Jiwe halichagui kumkaribia ndugu yake, mtu anaweza.

Jumuiya ile ilichanga. Asubuhi, kwenye kuchimba kaburi, mzee yule tulimkuta amekwisha kufika na jembe lake.

Maswali ya kutafakari

1. Katika jumuiya yetu, ni nani tunayemhukumu kwa "wapi" yake?
2. Ni nani tunayepita naye njia moja kila siku bila kumjua?