Somo: Sahani ya Mama Ina Nini?

Katika somo hili tutajifunza juu ya kula na kulala vizuri nyumbani. Usiseme, "Hayo nayajua tangu shule ya msingi." Hata mimi nilidhani nayajua, mpaka siku nilipomtembelea mama mmoja wa jumuiya yetu.

Mama huyo alikuwa ameanguka akitoka kuteka maji, akabebwa hadi nyumbani. Majirani walisema mengi. Wengine walisema amerogwa. Bwana yake alisema ni uchovu tu, utaisha. Nilipoketi naye nikamwuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Akanitajia ugali, sukuma wiki, na mayai mawili ambayo watoto wanne waligawana. Nikamwambia, "Hivyo ndivyo ulivyopika. Wewe mwenyewe ulikula nini?" Akanyamaza. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Mimi? Mimi nilikunywa chai."

Tulikwenda naye dispensari. Damu ilipopimwa ilikuwa 8. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Nesi alitueleza kwamba mama akishika mimba akiwa na damu kidogo namna hiyo, akitokwa na damu wakati wa kujifungua anaweza kupoteza maisha upesi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Miaka mingi nimefundisha akina mama kwa ile picha ya ukutani: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Lakini sikuwahi kuuliza, chakula hicho kikishaiva kinaingia katika sahani ya nani? Basi tuanzie hapo.

1. KUPAKUA KWA HAKI

Katika nyumba nyingi baba anapakuliwa kwanza, halafu watoto, na mama anakwangua sufuria. Lakini mama hupoteza damu kila mwezi, na akiwa mjamzito au akinyonyesha anahitaji chakula zaidi, si kidogo. Dawa yake haihitaji pesa: pakueni sahani zote kwa pamoja, pamoja na ya mama, kabla mtu yeyote hajaanza kula. Hata kama mboga ni kidogo, igawanywe kwa wote.

2. VYAKULA VYA DAMU

Damu inahitaji madini ya chuma. Yanapatikana kwenye maini, nyama na omena, na pia kwenye maharagwe, ndengu, kunde, terere na managu. Madini yaliyo ndani ya nafaka na mboga huingia mwilini kwa shida, lakini matunda husaidia. Kwa hiyo kula chungwa au pera pamoja na githeri yako, au kamulia ndimu juu ya mboga.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chai na kahawa huzuia mwili kuchukua madini hayo. Ukila maharagwe na kuteremshia kikombe cha chai, sehemu kubwa ya faida imepotea. Sisemi uache chai. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya chakula.

Ukiona mama amechoka kila siku, moyo unamwenda mbio akipanda kilima, viganja vimepauka, au anatamani kula udongo na yale mawe yanayouzwa sokoni, asicheke wala kuona aibu. Huenda damu ni kidogo. Aende apimwe. Udongo hauongezi damu, na unaweza kuleta minyoo.

3. MAYAI YAENDA WAPI?

Yule mama alikuwa na kuku wanaotaga. Mayai karibu yote aliyauza, kisha akanunua mkate, sukari na soda ya wageni. Jamani, hapo tunauza chakula cha kujenga mwili na kununua utamu! Soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vidogo 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sukari gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 hivi, na ni bora zaidi akibaki chini ya 6. Sasa hesabu vikombe vyako vya chai, na vijiko unavyotia.

Uza mayai, ndiyo, kwa maana karo na sabuni zinahitaji pesa. Lakini kabla ya kuuza, weka kando ya nyumbani.

Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja kidogo kwa mtu kwa siku nzima, ikiwemo ile ya kupikia. Usiweke chumvi mezani. Presha mara nyingi haina dalili. Mtu anaendelea na kazi zake hadi siku anapopooza upande mmoja. Baba na mama, pimeni presha kila mwaka hata kama hamuumwi.

4. USINGIZI SI UVIVU

Nilimwuliza yule mama analala saa ngapi. Alisema saa tano usiku, na anaamka saa tisa. Ni saa nne tu! Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri baada ya kulala saa nne usiku hawezi kushika masomo, hata mwalimu apige kelele vipi.

Angalieni kazi za jioni na mzigawe. Kijana wa kiume anaweza kuosha vyombo, na baba anaweza kuteka maji. Simu na televisheni zizimwe mapema. Laleni ndani ya neti. Na usiku wa baridi msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

5. YALIYOTOKEA BAADAYE

Mama alipewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza bila kuruka siku. Bwana yake, aliposikia lile neno "kupoteza maisha," alinunua mtungi na kuanza kuleta maji kwa baiskeli. Watu wengine walimcheka njiani. Baada ya miezi mitatu damu ilikuwa 11. Bado haijatosha, lakini sasa anapanda kilima bila kupumzika, na jioni anakula akiwa ameketi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jana jioni, nani nyumbani kwako alikula mwisho, na alibakiziwa nini?
2. Ni chakula gani kizuri tunachouza ili kununua kisicho na faida?
3. Nani analala mwisho na kuamka kwanza? Ni kazi gani moja anayoweza kupunguziwa?

KAZI YA NYUMBANI

Kwa siku saba, andika kila alichokula mama na saa alizolala. Siku ya nane baba asome karatasi hiyo kwa sauti mbele ya familia yote. Kisha kubalianeni jambo moja tu la kubadilisha, mlianze siku hiyo hiyo.