Tazama Runinga Ukiwa na Kalamu

Matangazo ya simu za mkopo yanafanana. Kijana anacheka, muziki unapigwa, na katikati ya kioo yanatokea maandishi makubwa: shilingi 1,500 tu kwa siku. Mwishoni sauti inakimbia utadhani inafukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Mahali pa kusikiliza kwa makini ndipo hapo wanapokimbia.

Weka kalamu na daftari karibu na rimoti. Bei yoyote inayotajwa kwa siku au kwa mwezi, igeuze iwe ya mwaka kabla kipindi hakijarudi. Tuchukue mfano. Kianzio ni 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. 1,500 mara siku 365 ni 547,500. Ongeza kianzio, unapata 607,500. Sasa nenda dukani uulize bei ya simu hiyohiyo kwa fedha taslimu. Ukiambiwa 400,000, basi 207,500 ndiyo gharama ya kutokuwa na subira. Simsemi vibaya anayekopa. Bodaboda ambaye simu inamletea abiria wa mtandaoni anaweza kuirudisha hiyo tofauti mapema. Swali la kujiuliza ni moja: hiki kitu kitaniingizia shilingi ngapi kwa siku? Kama jibu ni sifuri, kusanya kidogokidogo ukanunue taslimu.

Runinga yenyewe nayo ina bei. Mwezi Mei 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu ya Tanzania, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha za namna hiyo hurudishwa na matangazo pamoja na sisi wenye ving'amuzi. Kwa hiyo hesabu mechi unazozitazama kweli, siyo zile unazokusudia kuzitazama. Kifurushi cha 28,000 kwa mwezi ni 336,000 kwa mwaka. Kama wewe ni mtu wa Simba na Yanga tu, na kibanda umiza cha mtaani kinatoza 1,000 kwa mechi, mechi sita zinakula 6,000 kwa mwezi. Usisahau kuongeza soda na mishkaki, maana kule huendi kukaa mikono mitupu. Lakini kama nyumbani mama anafuatilia tamthilia ya Kituruki kila jioni na watoto wana katuni zao, kifurushi kinagawanyika kwa watu watano na hesabu inageuka. Watu wengi hulipia kifurushi kikubwa kwa sababu ya ligi, ligi ikiisha wanaendelea kukilipia vilevile kwa mazoea. Msimu ukifungwa, shuka kifurushi.

Kuhusu sebule za kwenye tamthilia, nitasema kidogo tu. Yale makochi, yale mapazia na lile gari la mlangoni vimepangwa kwa ajili ya kamera, na mwigizaji akimaliza kazi anarudi kwake. Mgeni akija kwako hatakuuliza kwa nini huna vioo kutoka sakafuni hadi darini.

Vipo vipindi vinavyofundisha fedha waziwazi, na hivyo ndivyo vya kutazama kwa kalamu zaidi. Ule mtindo wa wafanyabiashara kusimama mbele ya matajiri kuomba mtaji ulianzia Japani mwaka 2001, ukaingia Uingereza kwa jina la Dragons' Den, na Kenya wakaupata mwaka 2016 kupitia KCB Lions' Den. Mtu akisema anataka milioni 5 kwa asilimia 10 ya biashara, maana yake ametamka kwamba biashara nzima ina thamani ya milioni 50. Ndipo maswali yanapoanza: unauza kiasi gani kwa mwezi, na ukishalipa pango na mishahara unabaki na nini? Wengi huanza kutokwa jasho kwenye swali hilo la pili.

Hilo swali mpelekee mama ntilie, au jiulize mwenyewe. Tuseme mauzo ya siku ni 80,000. Toa mchele, nyama, mafuta, mkaa, maji, ushuru na posho ya msaidizi. Zimebaki 15,000. Za mwenye biashara ni hizo 15,000, nyingine zote ni mtaji wa kesho. Akiona sofa kwenye tangazo akainunua kwa kuangalia zile 80,000 zilizo mkobani, ameketi juu ya mtaji wake.

Shamba Shape Up, kipindi cha Kenya kilichoanza mwaka 2012, kina faida yake kwa mfugaji na mkulima: utaona banda linavyojengwa na kuku wanavyochanjwa. Lakini wataalamu na vifaa huletwa na kipindi. Orodhesha kila kilichoingia shambani, ukaulize bei yake kwenye duka la pembejeo la kwenu, kisha anza na kimoja.

Mwisho ni michezo ya namba. Kuchagua tarakimu tatu, kuanzia 000 hadi 999, ni kuwa na nafasi moja kati ya 1,000. Tuseme mchezo unalipa mara 200. Watu 1,000 wakiweka 500 kila mmoja, zinakusanywa 500,000, na kwa wastani mshindi ni mmoja anayeondoka na 100,000. Huyo ndiye utakayemwona kwenye kioo akishika hundi kubwa kuliko mlango, wale 999 hawapigwi picha. Ukipenda kucheza, cheza, ila iandike hiyo 500 kwenye safu ya starehe pamoja na soda na kiingilio cha mpira. Usiiandike kwenye akiba, na usiitoe kwenye hela ya kikoba.