Kofia ya Kushindia Nje: Vidokezo vya Jua na Wadudu, Musoma hadi Butiama

Mara iko karibu kabisa na ikweta, nyuzi moja na nusu hivi kusini yake. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita mchana husimama utosini. Anayeanika dagaa Musoma, anayepalilia pamba Bunda na anayechunga ng'ombe Butiama wote wanahitaji kofia, ila si lazima iwe ya aina moja.

1. Kapelo iache ya kutembelea. Inakinga paji la uso na pua kidogo, basi. Ukiinama kupalilia, kivuli chake chote kinaangukia udongo huku shingo na ncha za masikio zikiungua. Tafuta pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi, kuzunguka pande zote. Mnadani huna rula? Laza vidole vinne juu ya ukingo. Vikienea vyote, lipa. Balaghashia nayo ni kofia ya heshima, lakini haina ukingo hata kidogo. Ibaki ya shughuli.

2. Iinue juani kabla ya kutoa hela. Ukiona vitobo vya mwanga, ujue jua nalo litapita hapo hapo. Kofia nyingi za kusukwa zina kasoro hii: nyepesi, zinapitisha hewa vizuri, ila ufumaji umelegea. Usizitupe. Mpelekee fundi cherehani azitie bitana ya pamba. Kwa mtu wa ziwani, bitana ya chini ya ukingo iwe ya rangi iliyokoza, kwa sababu maji hurudisha mwanga kutoka chini na ukingo mweupe huutupia machoni. Juu ya kofia ndiko kuwe na rangi ya kupauka, isikusanye joto.

3. Shona pazia la shingo. Kipande cha khanga kuukuu kutoka sikio hadi sikio, kirefu hadi kifike kwenye kola, kinatosha. Kitiwe vifungo ili ukivue na kukifua, maana jasho la shambani halina adabu. Mchana wa joto kali kiloweshe maji. Kitakupoza wakati kinakukinga.

4. Tia kamba ya kidevuni. Upepo wa ziwa hauombi ruhusa, na kofia iliyoangukia majini si ya kuirukia. Kwa mtoto mdogo, kamba iwe ya kuachia ikivutwa, isije ikamkaba akinasa kwenye tawi.

5. Kwa wadudu, wavu. Kuna siku wadudu wadogo wa ziwani huinuka kama moshi juu ya maji, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, lakini wanaingia puani, machoni na mdomoni mtu akijaribu kusalimia. Wavu laini wa shela ulioshonwa kuzunguka ukingo wa pama unamaliza kazi, na hapa upana wa ukingo unalipa mara ya pili: unauweka wavu mbali na ngozi, kwa hiyo hata mbu hakufikii kupitia matundu. Chagua mweusi, mweupe hung'aa juani na kukuzuia kuona vizuri. Chandarua unacholalia kisiguswe, na hata kilichochakaa usikitie usoni kwa kuwa kina dawa. Wala usidhani umejikinga na malaria. Mbu wake huuma zaidi usiku, na hupenda miguu. Kofia haina la kufanya huko chini.

6. Ukielekea Serengeti, ogopa buluu. Mbung'o wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukiingia hifadhini kwa lango la Ndabaka, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, vaa kaki au kijivu. Wavu mweusi wa ziwani uache nyumbani.

7. Mabaka ya kijeshi, hapana. Kwenye mitumba kofia nzuri pana nyingi zina mabaka hayo, na bei inashawishi. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye nayo kuyasalimisha.

8. Mwenye ualbino apewe iliyo bora kuliko zote nyumbani. Ngozi isiyo na melanini haina kinga yake yenyewe, na saratani ya ngozi huanza mapema, mara nyingi kichwani, masikioni na shingoni. Kofia pana iende pamoja na mikono mirefu na losheni ya jua. Kilisun hutengenezwa hapa hapa nchini, KCMC, Moshi. Walimu wa Musoma, Bunda na Butiama, mwanafunzi huyo akisimama mstarini asubuhi, tafadhali msimwambie avue kofia.