Turbo ya Gari Kuukuu: Pima Kwanza, Kisha Chagua Kidhibiti

Wakulima, somo la mwezi huu linahusu magari ya dizeli ya zamani yanayovuta trela. Katika maeneo ya makazi, gari kama hilo ndilo linalopeleka maziwa, viazi na kabeji sokoni, na kurudi na mbolea. Likishindwa na mlima, maziwa huchacha njiani. Injini yake ikiungua, mapato ya msimu mzima huweza kuishia gereji. Kwa hiyo mwenye gari anapoambiwa, "Tuongeze nguvu ya turbo," inafaa ajue ni kitu gani kinachoongezwa, na kinaweza kuharibu nini.

Tutazungumza juu ya turbo za namna ya zamani, zenye kilango cha moshi kinachofunguliwa kwa mkazo wa hewa. Turbo zenye mapezi yanayogeuka, zilizomo katika magari mengi ya siku hizi, zina taratibu nyingine, na maagizo haya hayazihusu.

TURBO HUFANYA KAZI GANI?

Injini ya dizeli hupata nguvu kutokana na mafuta, lakini mafuta hayaungui vema pasipo hewa ya kutosha. Turbo ina magurudumu mawili madogo katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu la kwanza. Gurudumu la pili huvuta hewa na kuisukuma ndani ya silinda, nayo injini huweza kuunguza mafuta mengi zaidi.

Jambo hili si geni. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918, Sanford Moss wa Marekani alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, penye mwinuko wa zaidi ya meta 4,200. Hapo alionyesha kwamba turbo huweza kuirudishia injini nguvu inayopunguzwa na hewa nyembamba ya milimani. Sisi tunaolima nyanda za juu tuna sababu ya kulikumbuka jaribio hilo.

Turbo ikiachwa bila kizuizi, huweza kuzunguka kupita kiasi. Ndiyo maana kando ya gurudumu la moshi pana kilango. Kilango hicho hushikwa na fimbo inayotoka katika kopo dogo la chuma, na ndani ya kopo mna ngozi ya mpira na springi. Mpira mwembamba huleta mkazo wa hewa ya turbo mpaka ndani ya kopo. Mkazo ukiishinda springi, fimbo husukumwa, kilango hufunguka, na sehemu ya moshi hupita kando bila kuzungusha turbo. Basi springi hiyo, pamoja na kifaa chochote kinachobadili mkazo unaofika katika kopo, ndiyo tunayoiita kidhibiti.

HESABU YA HEWA YA MILIMANI

Pwani, hewa hutukandamiza kwa mkazo wa karibu paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Penye mwinuko wa meta 2,400, kama zilivyo sehemu nyingi za Kinangop, mkazo huo ni karibu paundi 11 tu. Tuseme kilango cha gari lako hufunguka geji inaposoma paundi 12. Geji huhesabu mkazo uliozidi ule wa hewa ya nje. Kwa hiyo:

Mombasa: 14.7 na 12 ni 26.7.
Kinangop: 11 na 12 ni 23.

Gari ni lile lile na geji inasoma vile vile, lakini Kinangop injini inapata hewa pungufu. Pampu ya dizeli isiyojua habari za mwinuko hutoa mafuta yale yale ya pwani. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hutoka yakiwa moshi mweusi, na joto la injini hupanda.

Mtu anaweza kusema, "Basi tuongeze paundi 4, tuwe kama Mombasa." Hapo ndipo wengi hukosea. Kule pwani turbo inazidisha mkazo wa hewa mara 1.8. Huku juu, ili ifikie 26.7, itabidi iuzidishe mara 2.4. Itazunguka kwa kasi kubwa zaidi, hewa yenyewe itapata joto, na mhimili utachakaa upesi. Ongezeko dogo huweza kusaidia, lakini kurudisha mkazo wote wa pwani kwa turbo ya zamani ni hatari.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Mara nyingi gari kuukuu halikosi kidhibiti kipya, bali linapoteza mkazo liliokuwa nao. Chunguza haya kwa utaratibu:

1. Kichujio cha hewa. Barabara zetu za vumbi hukiziba mapema. Turbo haiwezi kusukuma hewa isiyoipata.

2. Mipira mikubwa na vibanio vyake. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fundi azibe mdomo wa kuingizia hewa, atie hewa ya pampu isiyozidi paundi 10, kisha apake povu la sabuni. Penye mapovu pana tundu.

3. Kopo la kilango. Ngozi yake ikipasuka, au mpira wake mwembamba ukichomoka, kilango hakitafunguka, nao mkazo utapita kiasi. Springi ikichoka, au kilango kikikwama wazi, mkazo hautafika. Makosa haya mawili yana dalili tofauti, msiyachanganye.

4. Mhimili wa turbo. Ukishikwa kwa vidole na kuonekana unagusa ukuta wa nyumba yake, au ikiwa mna oili nyingi katika mipira ya hewa, turbo yenyewe yahitaji matengenezo. Kuizidishia mkazo ni kuiua.

5. Geji mbili. Ya kwanza ni ya mkazo wa hewa. Ya pili ni ya joto la moshi, na kipimo chake kiwekwe kabla ya turbo. Gari linalovuta trela lisizidishiwe mkazo bila geji hizi. Mafundi wengi hawataki joto la moshi lipite digrii 700 za sentigredi kwa muda mrefu, kwa maana pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu haivumilii moto kama chuma.

NJIA NNE ZA KUDHIBITI MKAZO

Ya kwanza ni kopo jipya lenye springi ya kipimo cha kiwanda, au iliyo na nguvu kidogo zaidi. Halina mipira ya ziada wala waya. Mengine yana fimbo yenye nati, na fimbo ikifupishwa, springi hukazwa zaidi. Irekebishwe nusu mzunguko kwa mara moja, kisha ipimwe barabarani.

Ya pili ni skrubu ya kuvujisha. Huwekwa katika mpira mwembamba ili sehemu ya hewa itoke kabla ya kufika katika kopo. Bei yake ni ndogo, lakini kilango huanza kufunguka mapema, na mkazo hubadilika-badilika. Tena kitundu chake huzibwa na vumbi kwa urahisi. Kwa gari la mizigo haifai sana.

Ya tatu ni vali ya gololi na springi. Gololi huzuia hewa isifike katika kopo mpaka mkazo ufike kipimo ulichoweka. Kwa hiyo kilango hubaki kimefungwa vizuri, na mkazo hupanda mapema injini ingali inazunguka polepole. Faida yake huonekana gari linapoondoka na mzigo penye mwinuko. Hakikisheni kwamba ina kitundu kidogo cha kuachia hewa ya kopo, na kwamba imefungwa upande ulio sawa. Ikigeuzwa, mkazo hautadhibitiwa.

Ya nne ni kidhibiti cha umeme. Kisanduku husoma mkazo na kufungua vali mara nyingi kwa sekunde. Ni hodari kwa injini ambayo mafuta yake pia huongozwa kwa umeme. Kwa injini yenye pampu ya kimitambo, mkulima hununua waya nyingi kwa faida ndogo, na waya hizo zitapambana na matope na panya.

Kwa gari kuukuu la kuvuta trela, ushauri wetu ni huu. Ikiwa mkazo umepungua chini ya kipimo cha kitabu, tia kopo jipya la kipimo cha kiwanda, uishie hapo. Ikiwa gari ni zima, geji zimefungwa, na bado linatoa moshi mweusi mlimani, vali ya gololi yaweza kutumiwa kuongeza paundi 2, zisizidi 3. Wala usikubali pampu ya dizeli ifunguliwe siku hiyo hiyo. Kuongeza mafuta kabla ya hewa ndiko kunakounguza injini nyingi.

KUPIMA MLIMANI

Chagua mlima mmoja unaoujua, kama ule wa kutoka Naivasha kupanda Kinangop. Pakia mzigo wako wa kawaida. Tumia gia ile ile na mwendo ule ule kila mara, na mwenzako asome geji na kuandika katika daftari la gari: mkazo, joto la moshi, rangi ya moshi, na joto la maji. Fanya hivyo kabla ya kubadili kitu, na tena baada ya kubadili.

Ikiwa mkazo umeongezeka na joto la moshi limeshuka, umefanya vema. Ikiwa mkazo umeongezeka lakini joto limepanda, turbo imepita uwezo wake, rudisha nyuma. Kama joto likikaribia digrii 700 njiani, punguza mguu, shuka gia moja, na uendelee polepole. Ukifika juu, usizime injini mara moja. Iache iungurume polepole kwa dakika mbili au tatu, ili oili ipoze mhimili wa turbo.

MAMBO AMBAYO TURBO HAIYAFANYI

Turbo hulipandisha gari, haililishushi. Gari lililopanda kwa wepesi lina breki zile zile za zamani, na trela nyuma yake ina uzito ule ule. Shuka kwa gia ya chini, usitegemee breki peke yake. Mzigo wa trela usizidi kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, hata kama injini inaonekana kuuweza. Na kama rejeta ina kutu au gasketi ya kichwa cha silinda inavuja, fedha zianze huko.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mpira mwembamba wa kopo umechomoka. Mkazo utapanda au utashuka? Kwa nini?

2. Geji inasoma paundi 10 mahali ambapo mkazo wa hewa ya nje ni paundi 11. Injini inapata mkazo wa jumla kiasi gani?

3. Fundi ameongeza paundi 3, na joto la moshi limepanda kuliko zamani katika mlima ule ule. Utamwambia afanye nini?

Jibuni maswali haya pamoja na dereva wenu kabla ya kwenda kwa fundi. Ikiwa hamjaafikiana juu ya jibu la kwanza, someni tena sehemu inayoeleza kazi ya turbo, kisha mkalitazame kopo lenyewe garini.