Je, Baridi ya Kipupwe Yatabiri Mvua ya Vuli?

Mwaka jana, katika jarida hili hili, mwenzetu mmoja wa kidato cha nne aliandika juu ya methali za mvua, akaanza na ile tuijuayo sote, kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mimi leo nauliza: na dalili ya mawingu ni nini? Mkulima hawezi kungoja mpaka aone wingu ndipo akanunue mbegu. Yuataka kujua miezi miwili kabla.

Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilitoka nyumbani kwetu hapa Mkomani, nalo lilitugharimu pesa.

Nyanya yangu, ambaye sisi twamwita Hawe, ana shamba la ekari mbili upande wa Kaloleni. Mwaka 2022, nikiwa bado shule ya msingi, alikuja kutuzuru mwezi wa Julai. Asubuhi alikuwa akijifunika leso mbili na kusema, "Kipupwe hiki si mchezo. Baridi ikiuma hivi, vuli hunyesha mpaka mahindi yalewe." Mama huuza mahamri na viazi karai, na mwezi ule zamu yake ya chama ilikuwa imefika. Alitoa shilingi elfu sita, zikaenda kwa mbegu na kwa trekta la kukodi. Hiyo vuli yenyewe, ndugu msomaji, ilinyesha siku za kuhesabika. Mahindi yalifika magotini yakasimama, kisha yakageuka rangi ya karatasi ya kaki.

Mwaka uliofuata, 2023, hakuna aliyetaka kusikia habari ya shamba. Hawe mwenyewe alinyamaza. Kipupwe kikapita, wala hakuna aliyekisema kwa wema wala kwa ubaya. Mwezi wa Novemba mvua ikaja kwa hasira. Maji yaliingia nyumbani mpaka tukapandisha godoro juu ya meza, na mimi nikabeba vitabu kichwani kama muuza ndizi wa Kongowea. Majirani wa Hawe waliolima sehemu za mwinuko walivuna. Sisi shamba letu lilivuna nyasi.

Basi nikajiuliza, Hawe alikosea wapi? Au hakukosea, ila ni bahati tu?

Kwanza tuelewe hiyo baridi yenyewe. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusi mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua huwa limehamia kaskazini, na upande wa kusi wa dunia ndio wakati wake wa baridi. Upepo wa kusi, unaoanza kuvuma yapata Aprili hadi Septemba, hututoka huko penye baridi ukipita juu ya bahari. Hicho ndicho kipupwe chetu cha Juni, Julai na Agosti. Mgeni wa Ulaya akisikia twasema "baridi" hucheka, kwa maana mchana wa Julai hapa huwa karibu nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na usiku hushuka karibu 20 au 21. Kwao hayo ni majira ya joto. Lakini mtu aliyezoea Februari na Machi ya Mombasa, wakati hata ukuta watoa jasho, hizo nyuzi 21 alfajiri ni baridi kweli kweli. Baada ya kipupwe upepo hulegea, yaja demani, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Disemba.

Tusidhani ni sisi tu tunaosoma msimu mmoja ili tujue unaofuata. Huko Marekani, katika mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, tangu mwaka 1887 watu hukusanyika kila tarehe 2 Februari kumtazama mnyama mmoja wa shimoni, mnene kama paka aliyeshiba. Akiona kivuli chake, ati baridi itaendelea kwa wiki sita zaidi. Asipokiona, machipuko yatawahi. Wataalamu wa huko wamelinganisha maneno yake na hali ya hewa yenyewe, wakaona hupatia chini ya nusu. Yaani ukirusha sarafu utapata zaidi ya huyo mnyama!

Lakini kuna kisa kingine ambacho hakichekeshi, nacho chatuhusu kwa kuwa ni cha bahari hii yetu. India ilipatwa na njaa kubwa mwaka 1876 hadi 1878, mvua ilipokosekana, wakafa mamilioni. Mkuu wa kwanza wa idara ya hali ya hewa ya India, Henry Blanford, alitafuta ishara ya mapema. Mwaka 1884 aliandika kwamba theluji ikiwa nyingi katika milima ya Himalaya wakati wa baridi, mvua ya kiangazi inayofuata huwa haba. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya akili: ardhi iliyofunikwa na theluji huchelewa kupata joto, na upepo wa mvua huvutwa na ardhi yenye joto. Kwa miaka kadhaa ilifanya kazi, na baadaye ikaanza kuwatupa. Sir Gilbert Walker, aliyeshika idara hiyo mwaka 1904, hakutazama mlima mmoja tena. Alikusanya vipimo kutoka pande nyingi za dunia, akagundua kwamba uzito wa hewa juu ya Bahari ya Pasifiki na juu ya Bahari ya Hindi huenda kama bembea. Upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka. Bembea hiyo ndiyo mwenzake Elnino tunayoisikia kwenye redio.

Mimi hapo ndipo nilipoanza kupata fununu. Blanford na Hawe walifanya jambo moja. Wote wawili walitazama baridi iliyo karibu nao. Walker alitazama mbali.

Sasa tuje kwa vuli yetu. Mwaka 1999 wataalamu wa India na Japani, akiwemo Saji na Yamagata, walieleza jambo linalotokea ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe. Bahari hii ina pande mbili, upande wetu wa Afrika na upande wa Sumatra kule Indonesia. Miaka mingine maji ya upande wetu hupata joto kupita kawaida, na ya Sumatra hupoa. Hewa yenye unyevu hupanda juu ya maji ya joto, mawingu hujaa huku kwetu, na vuli huwa nzito. Miaka mingine mambo hugeuka, Sumatra hupata joto, nasi hubaki kutazama mbingu nyeupe. Mfano wake ni sufuria mbili mekoni. Mvuke huinuka palipo na moto.

Ukipanga miaka ya mvua kubwa ya vuli utaona hayo. Mwaka 1961 ilinyesha Afrika Mashariki nzima, hata Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 1997 ndio wa Elnino ambao wazee wote wauzungumza, barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi ikakatika. Kisha 2019, halafu 2023. Katika miaka yote hiyo minne upande wetu wa bahari ulikuwa na joto kuliko kawaida. Na ule mwaka wa mahindi ya kaki, 2022, ulikuwa ndani ya miaka mitatu mfululizo ya Lanina, nduguye Elnino wa kinyume. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana kwa kukosekana katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia. Hawe alikuwa anapigana na bahari mbili kwa leso zake mbili.

Nilitaka pia nipime mwenyewe. Nilimwomba mwalimu wa Jiografia kipimajoto, nikakitundika nyuma ya nyumba mwezi wa Juni, na kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaandika daftarini. Wiki ya tatu nikaona ajabu: Jumapili yalikuwa baridi, siku nyingine zote joto. Nikafikiri nimegundua jambo kubwa! Kumbe Jumapili ndiyo siku Mama asiyokaanga mahamri, na kipimajoto nilikuwa nimekitundika hatua tatu kutoka jikoni. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kituo cha hali ya hewa huweka kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, mbali na kuta na moto, na kwamba hata ningekitundika vyema, misimu miwili haitoshi. Yahitajika miaka thelathini ndipo mtu aseme hii ni kawaida na hii si kawaida. Mimi miaka thelathini sina.

Nikaenda kwa mwenye miaka. Likizo ya Agosti nilipokuwa Kaloleni nilimuuliza, "Hawe, mwaka ule wa Elnino, kipupwe chake kilikuwaje?"

"Kikali mno," akajibu papo hapo.

"Na wa 2019?"

"Nao vile vile."

"Na wa 2022, ambao mvua haikuja?"

Akanyamaza kidogo. "Ule... ule haukuwa na baridi sana."

Nami nilikuwapo, nikamwona na leso mbili! Si kwamba Hawe alikuwa akisema uongo, la hasha. Nafikiri sote tuko hivyo. Mvua ikishanyesha ndipo tunapoikumbuka baridi, na mvua isiponyesha hata baridi twaisahau. Mtu asipoandika siku ile ile, kichwa chake humwandikia kile kinachopendeza.

Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi na huvua pande za Nyali, alinipa fikira nyingine. Alisema kipupwe hakiji peke yake, huletwa na kusi. Kusi ikivuma kwa nguvu hawatoki, na mkono ukiutia majini wahisi baridi. Nilipolilinganisha neno lake na vitabu, niliona lina maana. Kusi kali hukoroga bahari, hasa pwani ya Somalia, na kuyaleta juu maji baridi yaliyo chini. Sasa fikiri, msomaji: kama vuli nzito yataka maji ya joto upande wetu, basi kipupwe kikali cha kusi kali, kama kina ishara yoyote, chapaswa kuwa ishara ya vuli haba! Yaani kinyume cha asemavyo Hawe. Lakini nami sitaki kuruka nifanye kosa lile lile. Baridi ya alfajiri moja hapa Mkomani yaweza kuletwa na wingu, na manyunyu, au na upepo wa siku mbili. Na bahari yaweza kugeuka Septemba, kipupwe kikiwa kimekwisha.

Haina maana kwamba wazee hawakujua kitu. Mabaharia wa Waswahili walikuwa na mwaka wao wa siku 365 unaoanza Nairuzi, wakihesabu siku kumi kumi, yaani miongo, ili wajue lini kusi italegea na lini kaskazi itaanza. Tatizo lake ni dogo: hesabu hiyo haiongezi siku ya mwaka mrefu, kwa hivyo Nairuzi husogea nyuma siku moja kila miaka minne. Lakini kazi ya miongo ilikuwa kujua *lini*. Hawe alitaka kujua *kiasi gani*, na hilo ni swali jingine kabisa.

Swali la kiasi hujibiwa siku hizi na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na kile kituo cha nchi za IGAD kinachoitwa ICPAC. Wataalamu hukutana mwezi wa Agosti, wakatazama joto la bahari zote mbili, na kutoa utabiri wa Oktoba hadi Disemba. Jambo lililonifurahisha ni kwamba vuli hutabirika vyema kuliko masika, kwa sababu vuli imefungwa zaidi na bahari. Ila utabiri wao hauji kwa maneno ya "itanyesha" au "haitanyesha". Huja kwa mafungu matatu, mvua kuzidi kawaida, kuwa ya kawaida, na kupungua. Wakisema kupungua ni asilimia 50, bado kuna nusu nyingine iliyobaki kwa hayo mafungu mawili. Mtu akiuchukua kama kiapo atalia vile vile alivyolia Mama.

Mwaka huu Hawe amesema tena kwamba kipupwe kilikuwa kikali. Mara hii tulikaa chini sote, Mama, Mjomba na mimi na daftari langu. Nilimsomea utabiri wa kaunti za Pwani, polepole, nikamweleza habari za Sumatra na zile sufuria mbili. Nilipendekeza tusitie pesa zote mahali pamoja: ekari moja mihogo na kunde, ambazo huvumilia ukame, nusu ekari mahindi ya muda mfupi pale bondeni panaposhika maji, na nusu iliyobaki isilimwe kwa trekta mpaka mvua ya kwanza ionekane. Mama alikubali upesi, maana zile elfu sita hajazisahau.

Hawe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na hiyo Sumatra wewe umefika?"

Nikasema sijafika.

"Basi andika hapo kwenye daftari kwamba Hawe alisema baridi imeuma. Na tarehe uitie. Disemba tutalifungua tuone."

Nimeandika.