Tui la Pakiti Halihukumiwi kwa Kijiko

Kila aina mpya ya tui la nazi inapoingia madukani, iwe ya kopo, ya pakiti au ya unga, maoni huja upesi: tamu, si tamu, zito, jepesi. Wengi huonja kijiko kimoja wakatoa hukumu. Kwangu mimi hukumu ya namna hiyo haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya rafu na pesa zake mkononi, kwa kuwa hakuna anayenunua tui alinywe. Tui ni la kutia kwenye wali, maharage, kisamvu au samaki wa kupaka, na huko ndiko linakopaswa kujaribiwa.

Kijiko, isitoshe, hudanganyika kwa urahisi. Geuza pakiti usome viambato: mara nyingi utakuta gamu ya guar, unga wa mbegu za mmea wa jamii ya kunde unaolimwa zaidi India. Kazi yake ni kulifanya tui liwe zito, hivyo uzito unaousikia ulimini huenda si wa nazi. Kwa kawaida viambato hupangwa kwa wingi wake. Maji yakiitangulia nazi, umeshajua unalipia nini. Kisha tafuta kiasi cha mafuta. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2003 kinataka tui la kawaida liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, tui jepesi 5, na lile zito zaidi, linalouzwa kwa jina la krimu, 20. (Picha ya nazi iliyopasuliwa haikwambii lolote; pakiti zote zinayo.) Hapo bei ndipo inapoeleweka: pakiti yenye asilimia 20 ukiiongezea maji kiasi chake inakuwa sawa na mbili za asilimia 10, kwa hiyo ikiuzwa chini ya bei ya hizo mbili, ndiyo rahisi, hata kama kwa macho inaonekana ghali.

Baada ya hapo, jikoni. Pika wali kwa chumvi tu, bila iliki wala mdalasini, maana viungo huficha harufu, na harufu ndiyo unayoitafuta. Kando yake, ukiweza, pika mwingine kwa nazi iliyokunwa kwenye mbuzi. Kisha jaribu mchuzi. Tui la kukamua ukiliacha lichemke bila kulikoroga hukatika, likabaki mabonge na maji. La pakiti lenye gamu huvumilia moto, jambo jema kwa mpishi mwenye haraka, lakini anayesubiri mafuta yaelee juu ya mchuzi anaweza kusubiri sana. Na kopo ukilifungua ukakuta sehemu nzito imejitenga juu, usilitupe kwa hilo tu; ni mafuta ya nazi yamepanda, koroga uendelee.

Watu wa pwani watasema tui la kukamua halina mpinzani. Kwa harufu nakubali, kwa sababu moto wa kiwandani hubadilisha ladha ya nazi. Lakini nazi inayomfikia mtu wa Dodoma au London pengine imeshaoza ndani, na hajui mpaka aivunje; na tui bichi kwenye joto huchacha siku hiyohiyo. Wengine watasema ladha ni ya mtu. Kweli, na ndiyo maana anayetoa maoni aeleze alipika nini, alitia maji kiasi gani na alilipa bei gani. Msomaji mwenye ulimi tofauti bado atapata cha kushika. Ama gharama ya kujaribu, nunua pakiti ndogo, na kinachobaki kigandishe kwenye trei ya barafu kwa mchuzi wa siku nyingine.

Kwa kipimo hicho, maharage na kisamvu vinalikubali tui la pakiti vizuri, almuradi mafuta yawe mengi na sukari isiwemo. Wali wa nazi wa wageni bado unastahili nazi ya kukunwa. Unga wa tui nauweka wa mwisho: aina nyingi zimetiwa protini ya maziwa na wanga uliosindikwa, kwa hiyo ukimpikia mtu asiyetumia maziwa, usinunue kabla ya kusoma viambato.